Daktari aliyepiga mswaki wenye sumu: uzi wa John Kirk, Balozi wa Unguja

#1 Mfamasia Mstaafu

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi tangu mfungo na nimekuwa nikiukwepa kwa sababu najua ukianza hauishi upesi. Leo umeme umekatika, simu ina chaji, niko barazani peke yangu. Basi.

Nataka kumzungumza mtu ambaye kwetu Unguja anajulikana kwa jambo moja tu: Balozi Kirk, Mwingereza aliyemkalia kooni Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mpaka soko la watumwa likafungwa 1873. Hilo ndilo tulilofundishwa shule. Hatukuambiwa kwamba alikuja Afrika akiwa daktari na mtaalamu wa mimea, na kwamba siasa zilimkuta njiani.

Mimi nilimjua kupitia dawa kabla ya kumjua kupitia historia. Chuoni kwenye somo la dawa za moyo kulikuwa na dawa ya zamani inaitwa k-strofantini. Nikamuuliza mwalimu, hiyo k ni ya nini? Akajibu bila hata kugeuka ubaoni: potasiamu, maana K ndiyo alama yake kwenye kemia. Darasa zima tukaandika potasiamu. Miaka kadhaa baadaye ndipo nikagundua kwamba tulidanganywa mchana kweupe. Hiyo k ni ya KOMBE. Neno la wawindaji wa bonde la Shire, Malawi ya leo, limekaa kwenye jina la dawa iliyochomwa sindano kwenye mishipa ya Wajerumani.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Kirk alikuwa kwenye msafara wa Livingstone huko Zambezi na Shire. Wamang'anja walikuwa wakiwinda kwa mishale ya sumu, na mshale wenyewe ulikuwa wa vipande viwili: ukimpata mnyama, uti unaanguka, chembe (kile kichwa cha mshale) yenye sumu inabaki mwilini. Hata nyati aliambulia kufa. Nyama ililiwa, isipokuwa pale palipoingia mshale. Sumu yenyewe waliiita kombe.

Kirk akataka kuujua mmea unaotoa kombe. Aliuliza kila alipopita, na kila alipouliza aliletewa jani la uongo. Mpaka siku moja, kwenye kijiji cha Chibisa kando ya Mto Shire, akaona mmea unatambaa juu ya mti mrefu, umezaa maganda. Akaomba mtu ampandie. Hakuna aliyekubali. Akavua koti, akapanda mwenyewe. Hapo wenyeji wakaingiwa na hofu kwamba mgeni atakufa mikononi mwao, wakaanza kumpigia kelele kutoka chini: angalia utomvu usiingie kwenye kidonda, usiupeleke mdomoni! Wakajikuta wameitoa siri. (Koti nimelivua mimi. Hayo mengine aliyaandika mwenyewe kwenye barua.)

Sasa mswaki. Kirk alikuwa na tabia ya kukoroga kwinini yake kwa mpini wa mswaki. Mswaki aliutia mfukoni, na mfuko huo huo uliwahi kuwa na kombe kidogo. Asubuhi moja anapiga mswaki, anasikia uchungu ulimini. Akasema moyoni, ah, ni kwinini ya jana. Lakini siku hiyo alikuwa na mafua na mapigo ya mshipa yalikuwa juu. Akajipima, daktari huyo, akakuta mapigo yameshuka. Kesho yake akaamka mzima.

Mtu mwingine angesukutua akasahau. Yeye aliandika.

#2 Binti Mkunazini

Maalim nimecheka na potasiamu 😂 Lakini nauliza, hilo kombe ndilo kombe letu hili la kunywa? Bibi yangu alikuwa akituandikia.

#3 Mfamasia Mstaafu

Nililitegemea swali hilo, mwanangu. Hapana. Kombe letu ni lile la aya kuandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. La Shire ni neno jingine la lugha nyingine, yamegongana masikio tu. Ila hebu fikiria: moja linanywewa ili upone, jingine linaua nyati, halafu hilo la nyati nalo likaja kuwa dawa.

#4 Kisiki cha Mpingo

Mzee, heshima yako. Ila hapa naona mnampa mzungu sifa zisizo zake. Dawa walikuwa nayo Wamang'anja. Yeye kapanda mti na kuchuma ganda. Aliyegundua ni nani hapo?

#5 Mfamasia Mstaafu

Kisiki, sipingani na wewe kwa kombe lenyewe. Waliojua kwamba kitu hiki kinasimamisha moyo ni wenye mishale, na walijua pia kwamba ukikata nyama ya kidonda, iliyobaki hailipizi kisasi tumboni. Hiyo ni elimu, tena ya watu waliojaribu vizazi na vizazi. Kirk mwenyewe hakusema aligundua sumu. Alisema aliutambua mmea.

Kilichofuata ndicho chake na cha wenzake. Alipeleka vielelezo Kew, ile bustani ya mimea karibu na London, na Daniel Oliver akauandika mmea kwa jina Strophanthus kombe. Sumu yenyewe ikamfikia Thomas Fraser, profesa wa dawa Edinburgh, ambaye aliikalia miaka na miaka. Alipima kwanza kwa vyura, akaona moyo unavyobanwa, akatafuta kiasi ambacho kinasaidia badala ya kuua. Mwaka 1885 akawaeleza madaktari wenzake kwamba inafaa kwa moyo uliochoka. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Albert Fraenkel, akaanza kuitia moja kwa moja kwenye mshipa, na Ujerumani wakaitumia kwa miongo mingi.

Nyie mnaokwenda hospitali na wazazi wenye ugonjwa wa moyo mnaifahamu digoksini. Inatokana na mmea mwingine wa Ulaya, lakini kazi yake moyoni ni ile ile. Na kama ilivyo kombe, kati ya dozi ya kuponya na dozi ya kuua pana upenyo mdogo mno. Nimewahi kumrudisha mzee mmoja dirishani kwa sababu alikuwa akimeza viwili badala ya kimoja "ili vifanye kazi haraka". Alikuwa anaona kila kitu cha manjano.

#6 Chakacha

Watu wa kwetu Malindi, Wagiriama na Wawata, nao wana sumu ya mishale. Ni mmea huo huo?

#7 Mfamasia Mstaafu

Mwingine, wa ukoo wa Acokanthera. Ila dawa iliyomo ni binamu. Inaitwa uabaini, na jina hilo limetoka kwenye Kisomali, waabaayo. Mdenmark mmoja, Jens Christian Skou, aliitumia uabaini kuchunguza jinsi seli inavyosukuma sodiamu nje na potasiamu ndani, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel 1997. Kwa hiyo yule mwalimu wangu wa potasiamu tumsamehe nusu.

#8 Mfamasia Mstaafu

Naendelea. Historia yake ya utotoni nitaipitia mbio maana haina mengi. Kazaliwa Desemba 1832, Barry, Uskoti, baba yake mchungaji. Kasoma udaktari Edinburgh, kamaliza 1854. Vita vya Krimea vikampeleka Uturuki, hospitali ya Renkioi kwenye mlango wa bahari wa Dardanelles. Wagonjwa walikuwa wachache kuliko vitanda, na daktari kijana asiye na wagonjwa hufanya nini? Huyu alipanda milima kuchuma maua. Huko kwenye mlima Ida alikuta ua dogo la buluu lenye jani moja pana, akaliandika yeye mwenyewe kwa jina Muscari latifolium. Mpaka leo tunguu zake za kupandia zinauzwa kwenye maduka ya bustani Ulaya, na mwishoni mwa jina la kitaalamu linakaa jina lake.

Kwa hiyo Livingstone alipotafuta mtu wa kwenda naye Zambezi 1858, akapata wawili kwa mshahara mmoja: daktari na mtaalamu wa mimea yenye faida. Neno hilo "yenye faida" msilipite. Serikali iliyolipa ilitaka pamba, rangi, mafuta, gundi. Ua zuri lilikuwa la ziada.

Msafara wenyewe ulikuwa balaa. Boti yao ya mvuke ilikohoa kiasi kwamba waliipachika jina la mgonjwa wa pumu. Wazungu kwa wazungu waligombana, mchoraji akafukuzwa, mwanajiolojia akafukuzwa. Mke wa Livingstone, Mary, alikufa kwa homa Shupanga tarehe 27 Aprili 1862, na Kirk ndiye aliyekuwa akimtibu.

Lakini kwangu mimi siku mbaya kuliko zote kwa Kirk ni ya Novemba 1860. Walikuwa wanarudi kutoka juu, wameshaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, wanateremka kwa mitumbwi. Wakafika Kebrabasa, pale ambapo leo pana bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Maji yanakwenda kwa kishindo kati ya kuta za mawe. Mtumbwi wa Kirk ukabamizwa kwenye mwamba uliosimama wima. Walipomwona tena alikuwa ameng'ang'ania jiwe kwa mikono, maji yanamvuta miguu. Aliokolewa. Saa ya kupimia safari ilizama, kipimahewa kikazama, na vikazama pia vitabu vya kumbukumbu zake na michoro ya miti ya matunda ya bara, kazi ya miezi ya kutembea.

Mnaoandika tasnifu mtaelewa. Kompyuta imezima na hukuhifadhi pengine popote.

#9 Binti Mkunazini

Usiseme hivyo maalim, nina sura ya tatu haijahifadhiwa 😭

#10 Kisiki cha Mpingo

Na ni kweli aliandika kwamba Livingstone ni mwendawazimu?

#11 Mfamasia Mstaafu

Kweli. Septemba 1862 walikuwa wakiukwea Mto Ruvuma, huu huu wa mpaka wetu na Msumbiji, maji yamepungua, wanaburuta mashua mchangani, na mkuu wa msafara hataki kusikia neno kurudi. Kirk akaandika kwenye shajara yake kwamba haoni jibu jingine ila Dk. Livingstone amepotewa na akili. Hakumwambia usoni. Mwaka uliofuata akarudishwa kwao akiwa hoi kwa kuhara damu.

Cha ajabu, waliendelea kuwa marafiki. Na ni kwa msaada wa Livingstone huyo huyo kwamba 1866 Kirk alipata kazi Unguja: daktari wa ubalozi wa Uingereza. Hapa sasa ndipo kwetu.

#12 Mfamasia Mstaafu

Unguja alikaa miaka ishirini. Alioa hapa hapa 1867, bibi harusi, Helen Cooke, akaletwa kwa meli. Alikuwa na shamba Mbweni akipandikiza kila alicholetewa, na kutoka hapo visanduku vya mbegu na majani vilisafiri hadi Kew kwa rafiki yake Joseph Hooker.

Kuna kazi yake moja ya Unguja naipenda kuliko zote: sandarusi. Vijana huenda hamuijui. Ni ulimbo wa mti uliogeuka jiwe ardhini, rangi ya asali. Wakati ule ulichimbwa Mrima wote, kuanzia nyuma ya Bagamoyo kushuka kusini, ukaletwa Unguja kuoshwa, ukasafirishwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi ya magari ya farasi na fanicha. Ukiiosha ukoko, sandarusi ya kweli ina vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

Swali lililowasumbua wataalamu: imetoka kwenye mti gani? Ilichimbwa kwenye nyika ambako hakuna hata mti mmoja wa kuitoa. Upande wa pwani palikuwa na msandarusi hai, lakini ulimbo wake ni laini na bei yake ya chini. Je, ni kitu kimoja?

Kirk aliketi na vipande. Humo mna sisimizi, mna mbu, na ukibahatika mna jani, au ua. Akayalinganisha majani na maua yale yaliyofungiwa ndani, na ya mti hai wa pwani. Ni mti ule ule. Misitu ilikuwa imekufa zamani ikaacha machozi yake chini ya udongo. Matokeo aliyapeleka kwenye jumuiya ya Linnean ya London, ya wataalamu wa mimea na wanyama, mwishoni mwa miaka ya 1860.

Marehemu baba yangu alikuwa na kipande kama kidole gumba, ndani mna sisimizi mmoja ameinua mguu. Tukiwa wadogo tulikuwa tunakiweka mbele ya taa ya kandili, sisimizi anakuwa mkubwa ukutani. Sijui kilipotelea wapi tulipohama nyumba ya Ng'ambo.

#13 Mwana wa Mrima

Babu yangu alichimba huko Kisiju. Alikuwa akisema kuna sandarusi na kuna chakazi. Chakazi ni ile mbichi, ya juu juu, wanunuzi wa mjini waliirudisha.

#14 Mfamasia Mstaafu

Mwana wa Mrima, Mungu akuweke. Hilo neno la babu yako, chakazi, Waingereza walilisikia vibaya wakaligeuza kuwa "jackass", yaani punda. Kwenye masoko ya London ikawa inauzwa kwa jina la sandarusi ya punda. Punda hakuhusika kabisa.

#15 Sauti ya Lindi

Na mpira je? Huku kwetu wazee wanasema mpira ulianza kuchumwa porini kabla ya Mjerumani.

#16 Mfamasia Mstaafu

Ndiyo, na Kirk yumo. Kabla mpira haujawa wa miguu, mpira lilikuwa jina la mmea: ule mtambaazi wa porini wenye utomvu mweupe. Watu wanaufahamu kwa matunda yake pia. Kirk aliuona ukitobolewa maporini karibu na Dar es Salaam, akapeleka kielelezo Kew, na 1881 ukaitwa Landolphia kirkii. Akawa anawahimiza wafanyabiashara waupe thamani. Kufumba na kufumbua, mpira ukawa miongoni mwa bidhaa kubwa za mwambao.

Uchumaji wake ulikuwa kazi ya mwili hasa, si mfano wa maneno. Mchumaji anachanja gome kwa kisu, utomvu unatiririka, anaufuta kwa vidole na kujipaka mkononi, begani, kifuani. Unaganda juu ya ngozi. Anapaka tena na tena mpaka inakuwa tabaka nene, kisha analibandua. Na malaika ya mkono, yaani vinyweleo, yanakwenda nayo.

#17 Sauti ya Lindi

Sisi tunaita mtoria, matunda yake matoria. Matamu na machachu pamoja, unafyonza kokwa. Bibi alikuwa akituletea kwenye kikapu akitoka kondeni. Sikujua kama yana jina la balozi.

#18 Kisiki cha Mpingo

Haya ndiyo ninayosema. Mtu wa "mimea yenye faida". Faida ya nani? Wajerumani walipoingia, mpira huo huo ukawa wa kulipia kodi.

#19 Mfamasia Mstaafu

Hapo sina la kujibu, Kisiki. Ni kweli.

#20 Mwana wa Muttrah

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Maskati, asili yetu ni Unguja, babu zangu waliondoka 1964. Kwetu nyumbani Kirk hakutajwa kwa maua. Alitajwa kama mtu aliyekula na kunywa na Barghash kisha akamwachia Wajerumani wamvue nguo. Mwenye uzi, utalisema hilo au utalipita kwa sandarusi?

#21 Mfamasia Mstaafu

Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Nitalisema.

Anza 1872. Tarehe 15 Aprili kimbunga kiliipiga Unguja, mikarafuu ikang'oka, meli za Sultani zikazama. Pemba ilinusurika zaidi. Barghash alikuwa hajatimiza hata miaka miwili kitini na hazina imetikisika. Mwaka uliofuata, Januari 1873, Uingereza ikamtuma Sir Bartle Frere kumtaka aache biashara ya watumwa. Barghash akakataa, ukitazama hali yake, alikuwa anaombwa akate mkono wa pili baada ya ule uliokatwa na upepo. Frere akaondoka mikono mitupu. Kisha amri ikamjia Kirk kutoka London: mwambie tutaizingira bandari kwa manowari. Kirk akapeleka ujumbe. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko la watumwa likafungwa. Kanisa la Mkunazini lilijengwa juu ya uwanja ule.

Na niliseme wazi: kulifunga soko lile ilikuwa haki, kwa manowari au bila manowari. Watu waliokuwa wakiuzwa pale hawakuwa na muda wa kungoja tukubaliane. Ila tusidanganyane kwamba utumwa uliisha siku ile. Kilichokatazwa ni kuuza na kusafirisha kwa bahari. Kumiliki mtumwa Unguja kuliendelea kuwa halali mpaka amri ya 1897.

Baada ya hapo Kirk akawa mshauri wa karibu wa Barghash. Sultani alipokwenda London 1875, Kirk alikuwa naye. Akamwaminisha kwamba Uingereza ni rafiki wa kudumu. Ndipo akaja Mjerumani Karl Peters mwishoni mwa 1884 na vikaratasi vyake vya mikataba kutoka Usagara na Uzigua. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri, mizinga imeelekezwa mjini. Barghash akamgeukia rafiki yake. Na rafiki yake alikuwa na amri mfukoni kutoka London: usiwazuie Wajerumani. Akamshauri akubali.

Kirk aliondoka Unguja 1886, na mwaka huo huo, yeye hayupo, wakubwa wakagawana bara na kumwachia Sultani ukanda wa maili kumi wa pwani. Barghash alikufa Machi 1888.

Mimi sioni kwamba Kirk alimhadaa kwa makusudi. Naona alimuahidi asichokuwa na uwezo nacho, kwa miaka kumi na tatu. Kama babu yako aliona ni jambo moja, siwezi kumwambia kakosea.

#22 Mwana wa Muttrah

Umelisema. Ahsante.

#23 Chakacha

Na ile kesi ya Stanley kumshtaki Kirk kwamba alimwacha Livingstone bila mahitaji?

#24 Mfamasia Mstaafu

Stanley alisema misaada ya Livingstone ilichelewa Bagamoyo na ilikabidhiwa watu wasioaminika, na kwamba Kirk hakujali. Serikali ya Uingereza ikachunguza ikamsafisha. Misafara ya wakati ule ilichelewa kwa kipindupindu, kwa vita vya Mirambo, kwa wapagazi kukosekana. Halafu Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti. Gazeti linataka mbaya wake.

#25 Binti Mkunazini

Maalim, na kima punju wa Jozani? Watalii wanamwita kwa jina la Kirk.

#26 Mfamasia Mstaafu

Huyo huyo. Kirk alipeleka kielelezo na 1868 akaitwa kwa jina lake. Kima ambaye hapatikani kwa asili popote duniani ila visiwani kwetu. Wazee walimwita punju, yaani sumu, eti akila mti unakauka. Digidigi wa bara naye ana jina la Kirk. Na kuna mti wa nchi kavu kusini mwa Afrika unaoitwa Kirkia, mpaka familia nzima ya mimea ikaitwa Kirkiaceae. Mtu huyu ameachiwa majina mpaka yamezidi. Alikufa Januari 1922 Sevenoaks, Uingereza, ana miaka 89.

Sasa la mwisho nilale, umeme umerudi na mbu wameniona.

Mpwa wangu yuko Ujerumani. Mwaka jana alinitumia picha ya kibaraza cha jirani yake, maua ya waridi na mekundu yamejaa kwenye vyungu, akaniuliza, "Mjomba, haya si kama yale ya nyumbani?" Ni yale yale. Mnayafahamu: yanapenda kivuli na unyevu, shina lake laini limejaa maji, ukivunja kijiti ukachomeka kinaota. Katika maua ya vyunguni yanayouzwa zaidi duniani, hili halikosi.

Mbegu zake Kirk alizipeleka Kew kutoka huku kwetu. Yakachanua London, watu wakashangaa, na 1882 Joseph Hooker akalitangaza kwa jina Impatiens sultani. Sultani mwenyewe ni Barghash. Hooker aliandika kabisa kwamba ni heshima kwa mtawala wa Zanzibar. Kwa hiyo wakati Wajerumani wanakuja na mizinga, madirisha ya Ulaya yalikuwa yanaanza kujaa maua yenye jina lake.

Ila wataalamu wa mimea wana sheria yao: jina lililotangulia ndilo halali. Waliporudi kwenye makabati wakakuta mmea huo huo ulishaandikwa 1868 kutokana na kielelezo cha kule Zambezi, ukaitwa Impatiens walleriana, kwa heshima ya Horace Waller, mmishonari wa Shire na rafiki wa Kirk. Hooker huyo huyo ndiye aliyeandika majina yote mawili bila kutambua kwamba ni mmea mmoja. Jina la Waller likakaa. La Sultani likafutwa, likabaki kwenye vitabu vya zamani na midomoni mwa wakulima wazee wa bustani wa Ulaya.

#27 Kisiki cha Mpingo

Hata ua wakamnyang'anya!

#28 Mwana wa Muttrah

Mama yangu anayo hapa Maskati, kwenye ndoo ya rangi, nyuma ya jenereta penye kivuli. Mbegu zilitoka Unguja na shangazi. Hana jina la kuyaita, anasema tu "yale ya kivulini".

#29 Mfamasia Mstaafu

Mwambie asubuhi atafute kifuko cha mbegu kilichoiva, kile kinono cha kijani, akibane kidogo kwa vidole viwili. Hiyo "Impatiens" ni Kilatini, maana yake asiye na subira. Ataona kwa nini.

#30 Mwana wa Muttrah

Nimekwenda mwenyewe sasa hivi na tochi ya simu. Kimepasuka kikanirukia usoni. Mama ameamka anauliza ninacheka nini huko nyuma usiku huu, na mbegu bado ninazitafuta kwenye ukili wa mkeka.